Mwisho wa Picha ya Jambazi

Shoga yangu Mwanamize hakupata kuuona mwisho wa picha ile ya Kimarekani. Kwetu Unguja onyesho la wanawake lilikuwa la mchana, na mikanda ilipelekwa kwa baiskeli kutoka sinema moja hadi nyingine. Siku tuliyokwenda sisi, mkanda wa mwisho ulichelewa. Magharibi ikakaribia, tukavaa mabuibui yetu tukaondoka, huku jambazi na mpenzi wake, mwimbaji wa kilabu, tukiwaacha stesheni na polisi nyuma yao.

Ahmada, ambaye alikuwa ameleta posa na hajajibiwa, aliiona yote kwenye onyesho la usiku. Akamwambia, "Wamepanda treni pamoja. Bibie hata hakuuliza waendako."

Mwanamize akalainika, akaolewa. Tangu hapo ni safari tu: Dar, Mombasa, London, kisha Birmingham, vyumba viwili mtaa wa Sparkbrook, juu ya chumba changu, maana nami nilishahamia huko. Bwana huyo hatulii, utadhani amekalia upupu. Na kila alipouchoka mji, alimkumbusha mkewe treni ile.

Mwaka wa sabini na tatu akaja na habari ya kuhamia Maskati. "Tiketi nishabuku," alisema, basi. Mwanamize alikuwa amepata kazi ya cherehani kiwandani, anaipenda, wenzake wanampenda. Usingizi ukampaa. Nilimsikia juu akifunga sanduku, akifungua, akifunga tena.

"Nitakataaje, Kijakazi? Mke humfuata mumewe."

"Mke si mkia!" nilimjibu. Alinichefua, wallahi.

Jumamosi mchana, safari imebaki wiki moja, picha ile ikatokea kwenye televisheni yangu. Nikagonga dari kwa mpini wa ufagio, akashuka mbio. Tukakaa roho juu mpaka stesheni ikafika. Jambazi akanyoosha mkono. Yule mwanamke akatikisa kichwa, akabaki pale na kisanduku chake, treni ikamchukua jambazi peke yake.

Mwanamize alilia kwanza. Kisha akapanda ngazi, nami nyuma yake. Nani angekubali kukosa? Ahmada alikuwa akikaza kamba ya sanduku.

"Hakupanda," mkewe akamwambia.

Ahmada akaelewa, akanywea. "Ningekwambia kweli, ungenikubali?"

"Ningekukubali. Ila ningekuuliza twendako."

Akaifungua kamba, akatoa nguo zake moja moja. Za mumewe akaziacha humo.