Firmin na Joto la Mwanawe

Kituo kizima cha pikipiki pale Muhumba, mjini Bukavu, kilijua kwamba Firmin hajui kutulia. Kazi yake ilikuwa kubeba abiria, na hata ugali aliula amesimama, ufunguo wa pikipiki mkononi. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ameambiwa akae kitini wodini kutwa nzima, kifua wazi, amefungiwa kitoto kwa kitenge!

Mkewe, Colombe, alikuwa amejifungua kabla ya wakati, tena kwa kupasuliwa, na hakuwa na nguvu za kumbeba mtoto. Na mtoto wao, Merveille, alikuwa mdogo mno, hakuweza kujitunzia joto; ilibidi alipate kifuani mwa baba.

"Joto ikishuka, tunaweza kumupoteza," maman Aimée, muuguzi, alimwambia Firmin bila kuzunguka. Kisha akambandika mtoto kifuani kiplasta chembamba, laini, kinachojikunja pamoja na ngozi. Kilipima joto na kulituma kwenye simu.

Basi Firmin akakaa. Wenzake wa kituoni wakaja kuchungulia dirishani.

"Eh, Maman Firmin! Na maziwa iko?"

Alicheka nao, lakini jicho halikubanduka kwenye simu. Trente-sept, nyuzi thelathini na saba, kama inavyotakiwa. Akakohoa, akatazama tena. Trente-sept. Akaanza kujivuna bila haya, kila apitaye akatangaziwa namba, mpaka Colombe kitandani akamwomba anyamaze kidogo.

Alasiri maman Aimée akaja kubadilisha nepi. Alipomwinua mtoto, plasta haikumfuata. Ilikuwa imenasa kwenye nywele za kifua cha Firmin, katikati ya jasho.

Firmin alikauka. Kumbe muda wote ule alikuwa akijisifia joto lake mwenyewe!

"Na ya mutoto je?" Firmin akauliza. "Maman Aimée, joto ya mutoto je?"

Muuguzi alichukua kipimajoto cha kawaida, akamwekea mtoto kwapani. Firmin, asiyeogopa kona yoyote ya Bukavu hata mvua ikinyesha, sasa aliogopa. Hakuthubutu kumtazama Colombe.

Kipimajoto kikalia. Maman Aimée akakisoma, akakisogeza kwenye mwanga, akakisoma tena.

"Trente-sept," akasema. "Sawasawa na ya papa yake."

Colombe akashusha pumzi. Firmin akafuta macho kwa kiganja, mbele ya wenzake wote pale dirishani, kisha akanyoosha mikono.

"Basi munirudishie mutoto, mbio. Huko nje kuko baridi."