Lori Sikulisamehe

Evelina Shechambo wa Shume, ambaye wengi humwita Mama Shukrani kwa jina la binti yake wa kwanza, aliulizwa swali moja tu, na tangu siku hiyo akili yake haijatulia. Aliyeuliza ni Jamali, kijana wa bima aliyepanda kutoka Tanga na viatu vya kung'aa, matope yakavimaliza kabla hajafika mlangoni. Aliamkia kwa adabu, akakaa, akafungua faili. "Mama," akasema, "huyu dereva umemsamehe au hujamsamehe?"

Swali la kitoto, utasema. Haya, lijibu wewe, huku una mguu mmoja.

Maana Evelina mguu wa kulia hana, ulikatwa chini ya goti. Asubuhi ya ajali alikuwa amekaa kando ya barabara juu ya magunia yake ya kabichi, anasubiri gari la kushusha mzigo sokoni. Lori la mbao likateremka kutoka msituni, breki zikagoma kwenye kona, likayavamia magunia. Kabichi zilibingirika mpaka bondeni. Yeye akabanwa kati ya tairi na ukingo wa udongo. Dereva aliyeruka chini akamfukua kwa mikono, machozi na makamasi yakimtoka, alikuwa Zabron, mtoto wa Modesta. Na Modesta ni jirani, tena ni mwenzake wa kwaya. Wameimba sauti ya pili bega kwa bega miaka ishirini, kitabu kimoja cha nyimbo.

Sasa uelewe shamba la Evelina lilivyo. Watu wa tambarare huenda shambani. Yeye hupanda shambani, ngazi kwa ngazi zilizochimbwa mlimani na baba yake, kila ngazi upana wa kitanda. Magongo huko hayafai, yanazama kwenye udongo uliolimwa. Alijaribu mara moja akaporomoka hadi kwenye maharage ya jirani, akalala pale akiangalia mawingu mpaka watu walipomwokota. Daktari alimwambia mguu wa bandia, ule mzuri wenye kifundo kinachojikunja, utamrudisha juu. Huo si wa kununuliwa kwa kabichi. Ulikuwa wa kulipwa na bima ya lori. Evelina aliutaka mguu huo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na aliyesema kutamani ni dhambi hajawahi kukaa uani miezi minne akiliangalia shamba lake likiota magugu.

Kilichoharibu mambo ni karatasi.

Kwenye usharika wao, kabla ya kwenda Meza ya Bwana, waliokosana hupatanishwa kwanza. Wanakula makande chungu kimoja, kisha Mzee Kristian, mzee wa kanisa, anaandika karatasi wanatia saini. Ugomvi wa kule, tisa kwa kumi, ni wa mipaka ya mashamba, na ugomvi wa mpaka una tabia ya kufufuka. Kwa hiyo Mzee Kristian ana maneno yake ya kuufunga kama kwa kufuli, ameyazoea miaka yote, hayabadilishi: "Sina madai tena juu yake wala juu ya shamba hilo, leo, kesho na hata vizazi vijavyo."

Evelina alipotoka hospitali, Modesta alikuja na Zabron, wakapiga magoti sakafuni. Evelina akasamehe. Si kwa midomo, jamani, alisamehe mpaka akasikia kifua kimefunguka. Makande yakaliwa. Mzee Kristian akaandika maneno yake yaleyale, ila penye shamba akaweka lori, akajiona kafanya kazi nzuri. Evelina akatia saini bila kusoma. Nani anasoma msamaha?

Zabron akaichukua karatasi, akampelekea tajiri mwenye lori. Na tajiri yule hakuzaliwa jana. Akaipeleka bima siku hiyohiyo.

"Kwa karatasi hii, mama, huna madai," Jamali alisema, naye hakuonekana kufurahia.

"Mwanangu, Zabron nilimsamehe," alisema Evelina. "Lori sikulisamehe."

Jamali alitaka kucheka, akauma mdomo. Akaeleza taratibu kwamba wakubwa zake wanasoma kilichoandikwa. Njia iliyobaki ni moja. Mama aape kwa maandishi kwamba alipotia saini alikuwa bado mgonjwa, hakuelewa, na aliharakishwa.

"Aliyeniharakisha nani?"

"Huyo dereva, mama."

Hapo ndipo Evelina alipopotea. Je, alielewa siku ile? Alielewa kila kitu. Tena hakuelewa hata kimoja. Alijua anamsamehe nani, hakujua anauza nini. Kaka yake Yonathani, mtu asiye na subira, alimwambia, "Kusamehe si kujinyonga, dada. Apa upate mguu." Mchungaji alimwambia aombe. Mzee Kristian alinuna, akasema neno likishaandikwa limeandikwa. Evelina alimkasirikia yule mzee, kisha akaikasirikia hasira yake. Mazoezi ya kwaya yalipofika alisimama na magongo yake karibu na Modesta, sauti ya pili ikamkimbia, akajikuta anaimba ya kwanza. Modesta alimfunulia ukurasa bila kumtazama.

Siku ya tatu Zabron alikuja mwenyewe. Hakuingia, alisimama uani.

"Shikamoo, Mama Shukrani."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nimesikia habari za kiapo. Apa tu, mama. Na mimi nitaandika kwamba nilikuharakisha."

"Uliniharakisha?"

Kijana alichokoa ardhi kwa kidole cha mguu. "Tajiri aliniambia niwahi kupatana nawe kabla hujaanza kuuliza watu. Nami nikawahi." Akainua uso. "Lakini kulia sikuambiwa na mtu."

Mungu wangu! Kama ungekuwa wewe ungeshika lipi? Evelina aliona msamaha wake umeoza upande mmoja na upande mwingine mzima, kama viazi vya mvua, na kisu hana. Alitaka kumpiga kwa gongo. Alitaka kumpa chai. Mwisho alimpa chai.

Wiki iliyofuata walishuka Lushoto, wote wawili kwenye gari moja, wakaapa mbele ya wakili mmoja kwenye benchi moja, na Zabron akaandika hata tajiri alivyomtuma. Saini ya Evelina ilitoka imefanana na ya mtu mwingine. Bima walikaa na faili mpaka mvua zikapita, wakalipa. Tajiri yeye hakuchelewa hivyo. Alimnyang'anya Zabron funguo za lori kabla ya Jumapili, akawaambia wenye malori wenzake, na tangu hapo hakuna aliyempa usukani dereva aliyemsema bosi wake.

Mguu ulikuja. Ni wa rangi ambayo si ya mtu yeyote wa Usambara, na kifundo kinalia kidogo. Evelina alipanda nao ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasimama, akalia wazi. Kidole cha mguu usiokuwepo kikamwasha, na alipoinama kukikuna akakuta plastiki.

Kwenye ngazi ya juu yake palikuwa na kibarua aliyemkodi kung'oa yale magugu ya miezi yote. Ni Zabron. Kibarua ndiyo kazi aliyobaki nayo.

Evelina alimwita. Alikuwa ameyapanga maneno toka nyumbani, yakamtoka ovyo.

"Zabron, mwanangu. Umenisamehe?"

Zabron alisimamisha jembe, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Unataka niandike, mama?"

"Hapana," alisema Evelina haraka. "Usiandike."

Akashika jembe lake, akaanza kulima ngazi yake, na mpaka jua lilipogeuka hakujua alikuwa amejibiwa nini.