Bustani ya Makopo ya Kaviha

Mwaka ule kabla ya uhuru, hapa Utange, kila mtu alikuwa na ndoto yake. Mume wangu aliota matrekta. Jirani yangu Kaviha aliota mboga zake zinatembea, zinapita barabarani kimya kimya bila kujua ziendako. Alinisimulia huku akicheka, lakini mimi sikucheka.

Maana Kaviha alikwisha kuhamishwa mara mbili. Sote tulikaa kwenye mashamba ya watu: mboga ruksa kupanda, mnazi marufuku, na siku mwenye shamba akisema ondoka, unaondoka. Mara zote mbili aliacha biringani zimeanza kutoa maua. Basi alipofika Utange akaapa hatatia tena mche ardhini. Akaokota makopo ya maziwa na ya samli, akayatoboa chini kwa msumari, akayajaza udongo na samadi.

Asubuhi, umande haujakauka, alikaa mkekani akakilowesha kitalu chake cha debe mpaka udongo ukalegea. Kisha aliichambua miche mmoja mmoja, akiushika kwa jani, kamwe si kwa shina, na kila mmoja akaupa kopo lake. Ile dhaifu hakuitupa. Aliibananisha katika kopo moja kuukuu. Mikono yake ilikwenda polepole, kama anayesuka nywele za mtoto aliyelala. Nilikuwa nikimtazama hadi nasahau uji jikoni.

"Bustani yako ina miguu," nilimtania.

"Ina miguu kwa sababu mwenye shamba ana mdomo."

Siku moja mwenye shamba mwenyewe, mzee Mwinyihaji, akaja na mkongojo wake. Kaviha alimwamkia shikamoo, na kabla marahaba haijaisha akaanza kupanga makopo kapuni. Uso wake ulikuwa shwari. Mimi ndiye niliyeumwa na moyo.

"Wayapeleka wapi, mwanangu?" mzee akauliza.

"Popote, mzee. Si umekuja kuniondoa?"

"La, wallahi. Nimekuja kuomba miche. Mke wangu amezisikia sifa za biringani zako."

Kaviha akayatua makopo. Akachagua miche iliyonona, akaifunga katika jani la mgomba.

"Utaipanda koponi au ardhini?"

"Ardhini. Kwani wewe huna ardhi?"

"Sijui, mzee. Wewe ndiye wa kuniambia."

Mzee aliinamisha kichwa, akawa anachorachora mchangani kwa mkongojo. Nilidhani amesahau kama tupo.

"Panda, mwanangu," akasema mwishowe. Hakusema mpaka lini, na Kaviha hakumuuliza.

Mzee alipokwenda, Kaviha aliyarudisha makopo mahali pake. Kisha akachimba kishimo karibu na mlango, akatia mche mmoja, ule dhaifu kuliko yote.

"Mbona huo?" nikauliza.

"Ili tukiondoka usiniume sana."

Lakini jioni, alipochukua maji ya kumwagilia, aliyapita makopo yote akaanza na ule.