Mikono ya bwana yangu na majani ya kwanga

Bwana yangu alikuwa mushonaji kule Makiso, karibu na port. Sasa kichwa yake imesahau karibu vitu yote, lakini njia ya port haijasahau. Kila asubuhi anatoka kwenda kufungua duka yake ya kushona, yenye tuliuzisha watu wengine zamani. Watu ya toleka, taxi ya baisikeli, wananirudishia yeye kwa kinga yao, wanasema, "Mama, muzigo yako." Nimechoka hata kucheka nao.

Mutoto yetu ya kwanza akakuya na kadena mupya, kufuli ya mulango. Ule anaongea kama mukubwa ya masomo, mikono nyuma: "Maman, tutamufungia ndani. Ni kwa bien yake." Nikamuomba angoje mwezi moja. Miye ninauzisha kwanga, mukate ya muhogo. Nikamufundisha bwana yangu kuifunga mu majani, labda mikono ikipata kazi, miguu itatulia.

Infirmier, muuguzi ya quartier yetu, mwenye anasemea mu pua, akaniambia: "Bon, Mama, na hii ugonjwa mutu hajifunze tena kitu." Nikamujibu hata mbele ugonjwa imukamate hakujifunza kuosha sahani.

Mwanzo nilikosa miye. Nilikuwa ninamuuliza kama anakumbuka ya jana. Anakasirika, anatupa jani, anaenda. Donc nikaacha kuuliza. Kiti ileile, pahali palepale, kila siku. Ninatia mikono yangu juu ya yake: tandika jani, weka kwanga, viringisha, kunja huku, kunja kule, kamba mara tatu. Akitaka kukosa, ninashika kidole mbele ikose. Mugongo inaniuma, wateja wananinunia.

Na kila asubuhi bwana yangu, na sauti ya kubwa: "Miye? Kufunga kwanga? Ile kazi ya wanamuke sijaigusa hata siku moja." Wakati anasema vile, mikono iko inafunga.

Mwezi ikaisha, miguu imetulia. Mutoto akasimama, kadena mufukoni.

"Papa, nani alikufundisha hii?"

"Kunifundisha nini? Miye ni mushonaji."

Akazungusha kamba mara tatu, akaikata na meno kama uzi. Ile ya meno, si miye nilimufundisha. Mutoto akainama, akajifanya anatafuta kitu mu viatu. Kadena akarudi nayo; ninasikia sasa inafunga kibanda ya bata zake.

Miye nimebaki na muzee na majani. Jana ameniuliza polepole, na heshima yote: "Mama, bwana yako iko wapi?"

"Iko kazini."

Akatikisa kichwa, akachukua jani ingine.