Mbuzi wa Castory

Mimi Mwinshehe nina mdomo mbaya, na ninasema mapema usije ukanihurumia. Castory alikuwa kinyozi wangu pale Mkuza kwa miaka kumi na mmoja. Mtu wa bara, mpole, mkono mwepesi. Kwa upara wangu alinitoza nusu bei, akidai anasafisha uwanja tu.

Mpira aliupenda kupita kiasi. Msimu uliopita akaanzisha mchezo kibandani: kila mtu achague wachezaji kumi na mmoja wa ligi kuu, na mchezaji wako akifunga, upate pointi. Kila Jumatatu alizijumlisha kwenye daftari. Kiingilio elfu tano, mara moja tu. Tulifika watu thelathini. Mshindi angepata mbuzi wa Hashiru, mfugaji wa Magindu, ambaye angelipwa siku ya kumtoa. Castory hakujiwekea hata senti.

Kibali alidhani anacho. Alikwenda kwa mtendaji, akaandikiwa barua ya bonanza la mpira, ikagongwa muhuri, naye akaibandika juu ya kioo. Kwetu muhuri wa mtendaji ukishaupata, iwe ngoma au mkutano, nani akuulize tena?

Karani mmoja aliyekuja kunyolewa ndiye aliyeuliza kama barua ile inatosha. Castory akaingiwa na wasiwasi, kesho yake akaenda mwenyewe Dar, barua mkononi, hadi ofisi inayosimamia michezo ya kubahatisha. Afisa alimsikiliza vizuri tu.

"Mzee, watu wakitoa kiingilio kugombea zawadi, hapo pana leseni. Na leseni anapewa mwenye kampuni iliyosajiliwa, mwenye mtaji, mwenye kanuni za maandishi, na kodi analipa."

"Hata kama zawadi ni mbuzi?"

"Hata kuku. Simamisha, rudisha hela za watu."

Alirudi akasimamisha siku hiyohiyo. Zilibaki mechi tatu, na mimi nilikuwa naongoza. Mjukuu wangu alikuwa amezaliwa, na yule mbuzi nilishawatangazia ndugu kwamba ndiye wa akika. Castory akanirudishia elfu tano yangu kwa mikono miwili, kibanda kimejaa watu.

"Mbuzi kapanda bei, umemuuza!" nilipayuka. "Halafu unatugawia elfu tano zetu wenyewe! Mwizi mkubwa wewe!"

"Mzee Mwinshehe, mbuzi yuko Magindu. Mpigie Hashiru umuulize."

Sikupiga. Wanasema hasira hasara, lakini hasara ya hasira yangu aliilipa mwingine. Neno nililolitupa likazunguka Mkuza yote, likafika Tangini. Watu wakaanza kunyolewa kwingine. Wengine walipita mbele ya kibanda wakicheka kwa sauti, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Baada ya miezi miwili Castory alifunga kibanda, akahamia Kisarawe kwa shemeji yake, yeye na mkewe Laurensia.

Kisha nikakutana na Hashiru mnadani.

"Mzee, yule mbuzi ninaye mpaka leo," aliniambia. "Mbona hamkuniuliza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajiapiza kwenda Kisarawe Jumamosi kumwomba radhi. Jumamosi ile nikasema mvua. Iliyofuata nikasema mguu. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu ya mzee ni nzito kuliko ya kijana. Nikiwa bado natafuta sababu ya Jumamosi ya tatu, ikaja habari kwamba presha imemwondoa Castory.

Nilikwenda Kisarawe kuzika. Nilijiambia kwamba jina nililolichafua mbele za watu nitalisafisha mbele za watu. Baada ya kaburi kufukiwa nikaomba nafasi ya kusema, nikapewa.

"Ndugu zangu," nilisema, machozi yananitoka, "huyu mtu hakuwa mwizi. Mkuza nzima ilimwita mwizi, na aliyeanza ni mimi. Nilimsingizia. Alirudisha hela yote. Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu."

Nilitegemea mtu aseme amina. Mama mmoja akamwinamia mwenzake. "Kumbe alifukuzwa huko kwa wizi?" Nikawaona watu wakigeuka, mmoja baada ya mwingine, kumtazama mjane.

Laurensia alinifuata taratibu, akanishika kiwiko, akanisogeza pembeni. Hakukasirika. Bora angekasirika.

"Mzee Mwinshehe," alisema, "huku hakuna aliyekuwa anajua."