Moto wa Kukaangia Karanga

Karanga mbichi zikianza kupata moto hunukia vumbi, kama gunia lililosahaulika stoo. Ukivumilia na kuendelea kugeuza, vumbi linapotea na harufu tamu inajaa nyumba nzima, mpaka majirani wanakumbuka habari waliyokuwa wanataka kuja kukuambia. Ukichelewa kidogo baada ya hapo uchungu unaingia, na uchungu wa karanga hauondolewi na sukari wala chumvi. Haya nayajua kwa pua yangu mwenyewe, kwa hiyo ninaposema karanga hukaangwa kwa moto mdogo sibishani na mtu. Niliyajua utotoni, kiangazi kile bibi yangu mzaa baba alipoletwa kuishi nasi Kahama, na mama yangu akajikuta na mgeni asiyekula.

Bibi alitokea kijiji kimoja karibu na Mhunze, nchi ya ng'ombe na mtama. Babu alikuwa amefariki, watoto wote wametawanyika, na baba akaona haiwezekani mama yake abaki peke yake kwenye mji mtupu. Baba alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kuvunjia mawe ya dhahabu, na nyumbani alionekana mwisho wa wiki tu. Alimleta bibi kwa basi akiwa na khanga zake, mfuko wa sansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, na kibuyu cha maziwa ambacho babu alikipanda, akakivuna na kukitoboa kwa mkono wake. Mizigo mingine ilirundikwa chini ya basi, lakini kibuyu alikipakata njia nzima.

Mama yeye alikuwa mtu wa Nkome, aliyekua akigeuza dagaa juu ya mchanga wa ziwa, na alipika kwa kujiamini. Dagaa aliwatoa vichwa, akawaosha haraka kwa maji ya vuguvugu, akawaacha wachuje maji kabisa, ndipo akawakaanga wakauke kabla nyanya haijaonekana jirani. Nyanya nazo hakuzihurumia; alizipika mpaka mafuta yaelee juu, na aliyeondoa sufuria kabla ya hapo alimwita mvivu bila kupunguza sauti. Usafi wake ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Kabla ya kubandika sufuria kwenye kuni aliipaka nje majivu yaliyokorogwa kwa maji kidogo, na masizi yakaja kutoka kwa kufuta tu. Sufuria ya ugali aliimiminia maji ingali ya moto, na tukimaliza kula ukoko ulikuwa umeshaachia wenyewe. Kibao cha kukatia samaki alikisugua kwa chumvi na kipande cha limau, kisha akakianika juani, na jikoni kwetu hukuweza kujua jana tulikula nini.

Basi usafi huo ndio uliotuponza. Siku chache baada ya bibi kufika, mama alichungulia ndani ya kibuyu akaona weusi. Kwa mtu wa Nkome, chombo cheusi ndani ni chombo kichafu. Alitia sabuni ya unga na mchanga, akatikisa, akasuuza, akatikisa tena, mpaka ndani pakang'aa. Hakujua kwamba ule weusi uliwekwa makusudi. Wafugaji wa kwetu hutia makaa ya moto ndani ya kibuyu na kukitikisa ili moshi ukolee, na huo moshi ndio unaoyapa maziwa harufu nzuri na kuyazuia yasiharibike. Bibi aliporudi kutoka matembezini alinusa mdomo wa kibuyu, akakiweka chini. Maziwa aliyoyatia humo jioni yaliamka yakinukia sabuni, wala hayakuganda.

Mama alipoambiwa na jirani alichokifanya, alikwenda akapiga magoti. "Nisamehe, mayu, sikujua," alisema, kwa lile neno la Kisukuma la kumheshimu mama. Bibi alijibu kwamba yameisha. Lakini kila chakula kilipotengwa alishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, nimeshiba," kabla hata hajanawa, akanywa uji kidogo, akarudi kwenye kigoda chake mlangoni. Mama alijaribu wali wa nazi, akajaribu kuku, akajaribu bizari zote za duka la Wahindi. Bibi alikonda mpaka khanga ikawa inamzunguka na kubaki. Baba aliporudi, bibi alimwambia mbele yetu sote:

"Mwanangu, nirudishe Mhunze."

"Kuna nani Mhunze, mayu?"

"Kuna jiko langu."

Baba aliahidi kumpeleka akirudi tena kutoka machimboni. Alipoondoka, mama aliniita uani akanishika mabega. "Minza, bibi yako akirudi kule atakufa peke yake kwenye jiko lililozima," aliniambia, "na itakuwa kwa sabuni yangu." Niliogopa sana, kwa sababu nilimpenda bibi na mama nilimpenda, na sikuona namna ya kubaki nao wote.

Kesho yake mama aliwasha kuni nyingi, akabandika kikaango, akamimina karanga, kisha akazipa mgongo na kuanza kukata vitunguu. Ndimi za moto zilikuwa zinalamba mpaka ukingoni. Vumbi lilitoka mara moja, utamu ukapita mbio, na harufu ikaanza kuingia uchungu. Nilifungua mdomo nimwambie, akanitupia jicho, nikaufunga. Mlangoni, pua ya bibi ilikuwa imeshaanza kutembea.

"Mama Minza, karanga."

"Zinaendelea vizuri, mayu."

"Zinaungua!"

"Kwetu Nkome ndivyo tunavyokaanga."

"Kwenu Nkome mnakula mkaa?"

Bibi alishainuka. Alimpokonya mama mwiko, akavuta kuni nje zikabaki mbili zinazofuka, akazimwaga zile karanga kwa kuku na kudai nyingine. Safari hii aligeuza yeye, polepole, bila kuupumzisha mkono, huku akimsema mama, wazazi wa mama, na ziwa lote. Zilipoiva alizimwaga kwenye ungo zipoe, akazipukuta maganda, akazitwanga na chumvi kidogo. Sansa aliichemsha mpaka ikalainika, ndipo akatia karanga mwishoni kwa moto mdogo, sufuria wazi, akikoroga mfululizo zisishike chini wala zisifurike. Mama alisimama pembeni ameshika kibakuli. "Nikitia dagaa kidogo, mayu?" Bibi alimsogezea sufuria. "Watie," akasema. "Ila bizari yako ibaki kwenye kopo." Mchana ule bibi alinawa mikono. Alikula ugali mpaka akaufuta mchuzi wa mwisho kwa kidole, na mama akaingia chumbani kulia, nikamsikia.

Baba alipokuja na nauli ya Mhunze, bibi alimwambia kibuyu kinaumwa, hakiwezi kusafiri. Kila asubuhi alikimiminia maji ya moto, akakimwaga, akatia makaa, akatikisa, akanusa. "Bado," alisema. Masika yalianza, tukawa tunakunywa maziwa mgando matamu kutoka kibuyu kile kile, naye bado alinusa na kutikisa kichwa. Alisema "bado" mpaka alipofariki, nyumbani kwetu, akiwa amezungukwa na watu.

Leo napikia gesi, nina mashine ya kusagia, na sufuria zangu hazijui masizi. Sitawadanganya kwamba zamani kulikuwa kuzuri zaidi. Moshi ule uliyachosha macho ya mama yangu. Lakini dagaa nawakausha kama yeye, sufuria ya ugali nailoweka ingali ya moto, na karanga za unga za dukani naziacha dukani, kwa sababu haziiti mtu. Mama mwenyewe sasa ni mzee, na tangu baba alipofariki anaishi kwangu. Majuzi alianza kuniambia "nimeshiba, mwanangu" kabla hajanawa. Sikubembeleza. Nilibandika kikaango, nikawasha gesi mpaka mwisho, nikamimina karanga, nikazipa mgongo na kukata vitunguu. Harufu ilipoanza kuingia uchungu nilisikia kiti kikisogea, kisha mkono wake ukapita mbele yangu ukapunguza moto na kuchukua mwiko.

"Unadhani sikujui?" alisema, akigeuza. "Mbinu hiyo niliitunga mimi."

Lakini mwiko hakunirudishia.