Miungu ya Dafne Haina Namba

Saa mbili na robo asubuhi, Dafne Tugnoli anaikata miungu nyayo.

Anapanga pakiti tatu za karata chini ya kisu cha mashine, anazipiga ubavuni kwa kiganja mpaka zikae sawa, kisha anabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili. Mashine inataka mikono yote miwili iwe kwenye vitufe, usibaki mkono wa kukatika. Kisu kinashuka. Vipande vyembamba vinadondoka kikapuni, vingine vikiwa na namba: saba, kumi na mbili, ishirini.

"Nenda zako, ishirini," anakiambia kimoja. "Wewe ndiye uliyeniponza."

Dafne ana miaka hamsini na minne. Ni mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na sauti yake imezoea kushindana na mashine. Amekuwa mkataji katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha Oreste Venturoli, mtaa wa Bolognina hapa Bologna, kwa miaka thelathini na moja. Mshahara wake ni euro 1,450 kwa mwezi. Amekata kadi za harusi, lebo za mvinyo, na karata za watu wengine zisizo na idadi.

Hizi za leo ni zake. Alizichora mwenyewe kwa miaka sita, kwenye meza ya jikoni, mara nyingine na sufuria ya tambi ikimchungulia.

Ni pakiti ya taroti: karata sabini na nane, na juu ya rangi zake nne ziko turufu ishirini na mbili zenye picha. Kwingine watu huzipigia ramli. Bologna watu huzichezea, tena kwa kugombana.

Turufu za Dafne zimekusanya miungu na mashujaa wa dunia nzima. Karata ya Kichaa ni Anansi, yule buibui mjanja wa Ghana, amebeba kifurushi ambacho bila shaka si chake. Aliyenyongwa ni Odini wa kaskazini, ananing'inia mtini kichwa chini na bado anaonekana anajua kitu tusichokijua. Jua ni Amaterasu wa Japani anayechungulia kutoka pangoni, na uso wake, Dafne anakiri, ni wa shangazi yake aliyekuwa hatoki bafuni.

Mapenzi haya aliyarithi. Marehemu baba yake, dereva wa basi, hakuelewana na padri, kwa hiyo majina ya watakatifu hayakuingia nyumbani. Watoto walipewa majina ya hadithi za kale: Dafne, na kaka yake Ulisse.

"Baba alitusimulia ya Wagiriki," anasema Dafne. "Alipoyamaliza akahamia kwa Wahindi, kisha kwa Wachina. Sisi tulidhani wote hao ni majirani."

Mwezi uliopita, Oreste alikubali kumchapia pakiti mia nne, baada ya Ottavia Brambati, mwenye duka la karata Milano, kuahidi kuzinunua zote akiziona na kuridhika. Zilipochapwa, pakiti ya mfano ikatumwa. Siku ya tatu simu ikalia.

"Bi Dafne, ni nzuri mno," alisema Ottavia. "Lakini mbona karata ya Dunia umeipa namba ishirini?"

"Kwani ingekuwa ngapi?"

"Ishirini na moja! Dunia ndiyo ya mwisho, ndiyo kubwa kuliko zote. Dunia nzima inajua hivyo."

Katika karata zake, Dunia ni kobe mkubwa aliyebeba nchi kavu mgongoni, kama wasimuliavyo wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Juu yake, kwa namba ishirini na moja, alimweka Malaika: Heimdali, mlinzi wa miungu ya kaskazini, akipuliza pembe lake.

Ndivyo alivyokua akiona. Kwenye meza za Bologna Malaika anaipiga Dunia, na hakuna anayeuliza kwa nini. Watu saba walizikagua karata zile kabla ya kuchapwa. Wote saba ni wa Bologna, na wote saba walisema ziko sawasawa.

Ottavia hakuwa mkali. Alisema tu kwamba wateja wake wangezirudisha, na kwamba karata mbili zichapwe upya. Alikuwa hajui anaomba nini. Karata mbili zilizochapwa siku nyingine hazitakuwa na weupe uleule wala unene uleule. Mchezaji atazijua hata zikiwa zimefunikwa. Kwa mtu wa fani hii, huo ni wizi. Na kuchapa zote upya, Oreste alisema kwa huzuni ya kweli, hawezi. Ghala analihitaji ifikapo Ijumaa, na mzigo usiochukuliwa utakwenda kwa wanunuzi wa makaratasi.

Miaka sita ingesagwa ikawa katoni za mayai.

"Nililia," anasema Dafne bila kuficha. "Nikalia nikamaliza, nikaenda klabuni, maana ilikuwa siku ya mchezo."

Klabu ya karata iko hatua mia mbili kutoka kiwandani: meza sita, kaunta ya kahawa, na majungu ya kutosha mji mzima. Malkia wa pale ni Argia Mazzetti, mshonaji mstaafu wa miaka themanini na mmoja. Alimsikiliza Dafne mpaka mwisho, akazipekua karata, akauliza swali moja.

"Nani alikutuma uandike namba?"

"Bibi Argia, karata zote za kisasa zina namba."

"Za kwetu zile kubwa zina namba? Malaika ana namba? Dunia ina namba? Hazina, mwanangu. Asiyejua, aulize. Sasa wewe umeandika, tena umeandika kwa Kibologna, ukampelekea Mmilano!"

Ermes Gamberini, fundi wa baiskeli ambaye kila wiki hucheza na Argia na kugombana naye, akadakia: "Mwache mama wa watu, ameshaumia."

"Simchambi, namsaidia. Namba ziko wapi? Si hapo chini, kwenye ukanda mweupe? Na wewe Dafne kazi yako ni nini?"

Kazi yake ni kukata.

Ndiyo maana tangu Jumatatu anaingia kiwandani saa moja kabla ya wenzake. Karata 31,200 zinapunguzwa milimita nane kila moja, kubwa na ndogo, ili zote zilingane. Kisu ni kazi ya saa chache. Kinachokula siku ni pembe: kila karata imepoteza pembe mbili za mviringo, na lazima zirudishwe kwa kifaa cha mkono, kumi na mbili kwa mkupuo. Kidole gumba chake cha kulia kimevimba. Visanduku navyo vimebaki virefu, kwa hiyo kila kimoja kimewekewa kipande cha katoni chini.

Leo ni Alhamisi. Saa tano na nusu anafunga kisanduku cha mia nne. Saa sita Ottavia, aliyealikwa kuja kuziona upya, anashuka kwenye treni.

"Usimwonyeshe kiwandani," Argia alikuwa ameonya. "Mlete mezani."

Kwa hiyo Ottavia, mwanamke mrefu mwenye koti la bei ghali, anajikuta klabuni mbele ya sahani ya soseji ya mortadela na mkate wa kukaanga, na Ermes tayari anachanganya karata za Dafne. Zile za mbili mpaka tano zimewekwa kando, kama mchezo wa hapa unavyotaka. Ottavia na Ermes wanacheza upande mmoja, Argia na Dafne upande mwingine.

"Mimi nimekuja kwa biashara," anasema Ottavia.

"Biashara haikimbii," anamjibu Argia. "Kata."

Ottavia si mgeni wa karata na mwanzo anakula karata vizuri. Kisha inafika zamu ya Dafne kuanza. Anaweka karata chini, na kabla ya kuondoa mkono anagonga meza kwa ngumi mara moja.

"Umegonga nini?" anauliza Ottavia.

"Meza," anasema Dafne.

Wenyeji wanajua. Ngumi ile ni ishara inayoruhusiwa mchezoni: mwenzangu, toa kubwa yako uile hii. Ottavia hajui. Anatabasamu, anamtupa kobe na nchi kavu yote mgongoni, na mkono wake unakwenda kuzoa.

"Taratibu, mama," anasema Argia, na anamlaza Heimdali juu ya kobe. "Malaika hajala bado."

Ermes anajishika kichwa. "Mbona hukuniuliza! Dunia nzima umempa yule bibi!"

"Miaka ishirini nauza karata," anasema Ottavia, "sijawahi kunyang'anywa dunia na mtu wa miaka themanini na mmoja."

Anacheka mpaka anatoa leso. Kisha anamwokota kobe, anageuza karata, anapitisha kidole chini palipokatwa, na haoni namba. Dafne anamsubiri.

"Mteja wangu atajuaje ipi ni kubwa?"

"Atakubaliana na wenzake kabla ya kuanza," anasema Dafne. "Wa kwenu wataiweka Dunia juu, wa kwetu Malaika. Karata zinatosha wote."

"Na nyayo za hawa?"

"Nyayo ziko kwangu kikapuni. Ukizitaka nitakupimia kwa kilo."

Ottavia anachukua zote mia nne. Tena anataka nyingine elfu moja kabla ya Krismasi, ila ziwe na namba, Dunia juu, ili asisumbuliwe na barua za wateja. Elfu moja ni fedha ambayo Dafne hajawahi kuishika kwa mkupuo.

"Bila namba," anasema Dafne.

"Mia sita, basi. Bila namba. Nijaribu ukichaa wenu."

Wanapeana mikono juu ya mkate. Argia anamwambia Ottavia asifurahi sana, mchezo haujaisha na anadaiwa karata.

Mchana Dafne amerudi kwenye mashine, ana lebo za mvinyo za kukata. Oreste amekubali kwamba kuanzia Septemba afanye kazi asubuhi tu. Alasiri zitakuwa za kuchora pakiti ya pili, ya wanyama wa hadithi, na meza ya jikoni ataihamishia dirishani apate mwanga.

Anapoulizwa kama hakuogopa kukataa elfu moja, anaivua miwani na kuifuta kwa pindo la aproni.

"Niliogopa sana. Lakini miaka thelathini na moja nimekata karata za watu kama walivyotaka wao. Hizi ni zangu."